Ringi Kumi na Mbili, Mshahara Mmoja

Mji wa Eldoret haumwonei mtu haya kwa sababu ya moshi wa gari lake. Nairobi gari likitoa moshi, walio nyuma hupandisha vioo wakaendelea na simu zao. Hapa kwetu mwenye bodaboda atakufuata kutoka Maili Nne hadi katikati ya mji, akugongee mlango gari likitembea, akupashe habari ambayo umekuwa ukiitazama kwenye kioo cha pembeni tangu mwaka uanze: “Mzee, hiyo gari inachoma oili!” Unamshukuru. Kabla hujapandisha kioo, mama wa mahindi ya kuchoma naye anakuambia hayohayo, wala haoni ajabu kwamba yeye na jiko lake wanatoa moshi kukushinda. Tulipotangazwa jiji mwaka 2024, la tano nchini, nilitumaini watu wataanza kujifanya hawaoni mambo ya wenzao. Wapi!

Gari lenyewe ni Toyota 110, Corolla ya miaka ya 90 mwishoni, injini ya 5A. Ukitaka kujua walimu wangapi wamefika kwenye mazishi popote Uasin Gishu, hesabu 110 zilizoegeshwa nyasini. Ni gari la heshima. Kila fundi analijua, spea zake hazikosekani, na bloku yake ni chuma cha kalibu, si hii alumini ya siku hizi. Nasema haya mapema ili msomaji aelewe kwamba sina ugomvi na gari. Ugomvi wangu ni na watu.

Moshi wa gari una rangi tatu, na kila rangi ina bei yake. Mweusi ni petroli iliyozidi, bei yake inavumilika. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Hapo tafuta mnunuzi wa mbuzi. Wa bluu ni oili. Wangu ulikuwa wa bluu. Ungekuwa unatoka asubuhi ninapowasha tu, kisha ukakoma, ningeshuku sili za valvu, na hiyo ni kazi ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Lakini huu ulikuwa wa kutwa, na nikikanyaga mafuta kupanda mlima uliongezeka. Nikifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, pumzi ya moto inanipiga usoni. Pale ninapoweka mafuta, kijana wa pampu alikuwa akiniuliza, “Mwalimu, leo tujaze oili tuangalie petroli?” Vijana wote wa pampu nchini husema hivi, na kila mmoja huamini ameubuni utani huo yeye.

Kwa wale ambao hawajawahi kufunguliwa injini wakalia: pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda bila kuubana ukuta, maana likipata moto hutanuka, na lingeingia kwa kubana lingekwama. Pengo hilo dogo huzibwa na ringi, pete za chuma zilizokatwa upande mmoja ili zijitanue zenyewe. Kila pistoni lina tatu. Mbili za juu huzuia kompresheni isitorokee chini. Ya tatu huparua oili ukutani na kuirudisha kwenye sampu. Mapistoni manne, ringi kumi na mbili. Zikichakaa, moto hushukia kwenye oili, oili hupandia kwenye moto, na mshahara hutokea nyuma ukiwa na rangi ya bluu.

Ringi za namna hii zilibuniwa na Mwingereza mmoja wa mambo ya treni, John Ramsbottom, mwaka 1852. Kabla yake pistoni za mashine za mvuke zilizibwa kwa kamba ya katani iliyopakwa mafuta ya mnyama. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, katani ilikuwa imeshasahaulika kwenye mashine. Hata hivyo nawajua mafundi wawili hapa mjini ambao ukiwaambia huna pesa, wataikumbuka.

Sasa watu. Katika chumba chetu cha walimu, fizikia inafundishwa na mtu mmoja, lakini injini inafundishwa na wote. Mwalimu wa dini ndiye aliyeniletea dawa ya moshi, kikopo cha kitu kizito cha kumimina kwenye oili. Kazi ya dawa ile si kuponya. Inaifanya oili iwe nzito ichelewe kupenya kwenye pengo, basi. Moshi ulipungua, mwalimu wa dini akatembea korido nzima akiniuliza kwa sauti gari linaendeleaje. Uliporudi hakuniuliza tena. Mwalimu wa kilimo akashauri niachane na dawa, nitie oili nzito kabisa, ile wanayotia kwenye trekta. Huyu hajawahi kuwasha gari Eldoret saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai. Oili ya trekta katika baridi ile huamka baada ya mwenye gari, na kabla haijafika juu kwenye valvu injini inalia kavukavu, majirani wanafungua madirisha.

Shemeji yangu ana jibu moja kwa kila jambo linalohusu usafiri, nalo ni Probox. Uza hiyo, nunua Probox. Probox haifi. Probox hubeba watu, maziwa, viazi na kondoo katika safari moja. Nilimsikiliza kwa heshima zote kwa sababu ni kaka wa mke wangu. Shemeji hana Probox. Hana gari. Alifika kwangu kwa matatu na aliondoka kwa 110 yangu, akikohoa kiti cha mbele.

Kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja lilikata shauri moja: injini ya eksi-Japani. Yaani injini iliyong’olewa kwenye gari huko Japani, ikaletwa kwa meli, ikapangwa dukani na wenzake sakafuni. Bei yake kwangu ilikuwa ya kutisha, na hakuna anayejua ilikotoka ilitunzwa na nani. Halafu namba ya injini ikibadilika, lazima uende NTSA logbuku nayo ibadilishwe. Waliokuwa wakinishauri hivi wengi wao wako ng’ambo. Mtu anakaa Dallas ananipangia matumizi ya mshahara wa TSC!

Mshahara huo nitausema, kwa sababu ndiyo bajeti yenyewe. Serikali inakata asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, ambazo bado sijaonyeshwa yangu iko ghorofa ya ngapi. Inakata asilimia 2.75 ya afya. Kodi ya mapato nayo ina mkono wake. Sacco inakata mkopo ulionunua gari hilihili. Karo ya watoto inachukua kinachofuata. Kwa kilichobaki ningeweza kununua ringi za pistoni moja na nusu.

Fundi wangu ni mzee wa upande wa Langas ambaye gereji yake ni mti mmoja na makontena mawili. Aliponisikiliza akasema, “Ni ringi tu, mwalimu.” Neno hilo “tu” nitalirudia kwa wakili siku moja. Lakini kwanza injini ipimwe, maana ukifungua injini bila kupima umenunua bahati nasibu. Yeye hupima kwa kidole gumba. Anatoa plagi, anaziba tundu kwa kidole, anamwambia kijana wake wa spana apige stata. Silinda nzima hukirusha kidole kwa kishindo. Iliyochoka humpulizia tu. Siku hiyo kidole hakikuaminiwa. Mpwa wangu, anayesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses, alikuja na geji ya kuazima na kitabu cha injini ndani ya simu.

“Mjomba, kitabu kinataka karibu PSI 190,” akasema, “na ikiwa chini ya 140 hivi, hiyo injini ni ya kufunguliwa. Ya kwanza hapa ina 135. Ya pili 130. Ya tatu 95. Ya nne 90. Zote nne zimekufa.”

Nilikaa juu ya tairi kuukuu. Fundi hakukaa. Alifuta mikono taratibu kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

“Hicho kitabu kiliandikwa wapi, kijana?”

“Japani.”

“Japani ufuoni ama milimani?”

Mpwa akacheka, kisha akaacha kucheka. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa yetu ina karibu asilimia 78 tu ya kanieneo ya hewa ya Mombasa, na silinda hubana hewa iliyoikuta. Haina mahali pa kukopa nyingine. Injini nzima ya 190 kule pwani ikipimwa hapa inasoma kama 150, na ile ya kufa ya 140 inakuwa kama 110. Kijana alipiga hesabu kwenye simu, akanyamaza, akaipiga tena. Silinda mbili za kwanza zikafufuka pale pale bila mtu kuzigusa, na ningetaka kujua ni magari mangapi ya mji huu yamewahi kufunguliwa kwa sababu ya kitabu cha usawa wa bahari. Nilimuuliza fundi alijuaje, naye hajasoma fizikia. Akasema ujanani alifanya kazi Mombasa, na huko kidole kilikuwa kinamuuma.

Hewa hii nyembamba inaletea watu wengine fedha. Wakimbiaji kutoka Ulaya na Marekani wanalipa hoteli Iten ili waivute. Eliud Kipchoge aliivuta kule Kaptagat miaka na miaka, mwaka 2019 akashuka nayo hadi Vienna akakimbia maratoni kwa saa 1:59:40. Toyota yangu imefanya mazoezi katika milima hiyohiyo muda mrefu kuliko wanariadha wengi wa timu ya taifa, na haijawahi kupata faida hata ya kulipita trekta ikipanda Timboroa.

Baada ya hapo fundi akaomba kijiko. Unatia kijiko cha oili ndani ya silinda mbovu kupitia tundu la plagi, unapima tena. Kipimo kikipanda, oili imeziba pengo kwa muda, kwa hiyo ringi ndizo zilizochoka. Kikibaki palepale, ugonjwa uko kwenye valvu au gasketi, na ringi hazina hatia. Yangu ilipanda, ya tatu na ya nne zote mbili zikapita 120. Ni ringi. Kijiko kile kilikuwa cha jikoni kwetu na hakikurudi, na kwa hilo nimesemwa. Lakini ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika hadithi hii, na ndicho pekee kilichoniambia ukweli bila kutaka malipo ya awali.

Nikaenda duka la spea.

“Ringi za 5A, standadi.”

“Za elfu tatu, za elfu sita ama za elfu kumi na mbili?”

“Zinatofautiana nini?”

“Bei.”

Akazipanga juu ya kaunta. Visanduku vyote vitatu vilikuwa na maandishi ya Kijapani, na cha elfu tatu ndicho kilichokuwa na Kijapani kingi zaidi. Kwa Kiingereza kilikuwa kimekosea kuandika “piston”. Nikamuuliza mwenye duka hizi za katikati zimetoka wapi, akaniambia, “Zimetoka kwa sapulaya.” Nilichukua za katikati, kwa kanuni ile ile inayotufanya Wakenya tuagize soda ya saizi ya wastani. Usisahau kuwa ringi za standadi ni za silinda ambayo haijachongwa. Ikishachongwa kwa nusu milimita inataka ovasaizi, na ukikosea hapo umenunua vikuku. Injini ilipofunguliwa fundi alipima, kwa chombo cha kweli safari hii, akakuta ukuta haujaliwa sana.

Kisha ringi tu ikaanza kuzaa. Ili utoe pistoni lazima hedi ling’oke, na hedi likishang’oka gasketi yake ni ya kutupa. Kijana wa spana aliwahi kupendekeza tuipake rangi ya fedha, ile ya kupaka mageti, tuirudishe. Nilikataa kwa sauti ambayo wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanaijua. Sampu nayo ishuke, kwa hiyo oili mpya na filta mpya. “Kwa vile tumeshafungua, mwalimu, tuangalie beringi za konrodi.” Tukaziangalia, zilikuwa zimechoka. “Kwa vile mkanda wa taimingi uko nje.” Mkanda ukanunuliwa. “Kwa vile hedi liko chini, lipelekwe mashineni wakalisawazishe.” Likapelekwa, kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni akaniuliza njiani kama hilo ndilo lile gari la moshi.

Ilikuwa ni Aprili. Anayeujua mji huu ameshaelewa. Gereji inayoitwa jua kali inataka jua, na Aprili hapa mvua hupiga kila alasiri. Injini iliyo wazi ikafunikwa turubai, mapistoni yakawekwa ndani ya beseni la plastiki, na fundi akatoweka. Nilipopiga simu nilisikia sauti za umati nyuma yake.

“Niko kwa foleni ya mbolea, mwalimu.”

Sikuwa na la kujibu. Katika kaunti hii unaweza kubishana na mtu kuhusu deni, mpaka wa shamba au hata mke, lakini mvua ikishanyesha hubishani naye kuhusu mahindi. Mbolea ya ruzuku ikipatikana, daktari hayupo, karani hayupo, dereva wa bosi hayupo. Mimi mwenyewe nina ekari moja na nusu upande wa Moiben, na nilikwenda kupanda kwa matatu, nimepakata mbegu, huku mtu wa kiti cha pili akinieleza jinsi ringi mbovu zinavyojulikana kwa moshi wa bluu.

Fundi aliporudi, miguu ina udongo mwekundu, kazi ilikwenda vizuri, na hapa nitamsifu. Ukuta wa silinda ukishatumika muda mrefu hung’aa, na ringi mpya haikai juu ya ukuta unaong’aa. Oili haina pa kushika. Inabidi ukwaruzwe kwa mawe maalumu yanayozungushwa na drili, yakipanda na kushuka, mikwaruzo ikatane. Kijana wa spana alikuwa ameshaanza na karatasi ya msasa, juu chini, juu chini, kwa bidii ya mtu anayesugua sufuria iliyoungulia ugali. Fundi alimwondoa, akaenda gereji ya jirani akaazima mawe, kwa malipo ya chapati mbili na maharagwe ambayo niliyalipa mimi. Kisha akadai maji ya moto na sabuni. Petroli peke yake haiondoi ule unga wa mawe, na ukibaki humo unasaga ringi mpya kabla hazijafika Nakuru. Sabuni ilitoka nyumbani kwangu. Wakati huo mama watoto alikuwa ameanza kuhesabu vitu kabla sijatoka.

Halafu nyembe. Kila ringi huingizwa kwanza ndani ya silinda peke yake, bila pistoni, upime pengo la ncha zake. Likiwa dogo mno, ringi ikipata moto ncha zinagongana na kuvunjika; likiwa kubwa, umerudi kwenye moshi. Kwa silinda ya saizi ya 5A, ya milimita 78.7, pengo la robo milimita na ushee linatosha. Mpwa wangu alikuwa akitafuta mtandaoni bei ya fila geji. Fundi akatuma mtoto dukani akanunue nyembe. Wembe mmoja wa kunyolea una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Tatu zikishikana zinapita, tano hazipiti, basi ringi iko sawa. Mpwa alipiga picha. Nadhani mhadhiri wake ameshaiona.

Na hapo ndipo ilipovunjika. Ringi ni chuma kigumu lakini hakipendi kukunjwa. Ukiitanua kupita kiasi ili uivishe pistoni inakatika bila onyo. Kijana wa spana alikuwa akiivisha ya mwisho kwa vidole, ringi ya juu ya pistoni ya nne, akimtazama msichana wa maandazi. Ikalia tiki. Hakuna aliyesema neno. Fundi alitazama mbinguni, mimi nikamtazama fundi, kijana akasema, “Imevunjika,” kwa sauti ya mtu anayeripoti tukio lililotokea Marekani.

Nilirudi dukani na vipande viwili mkononi. Nahitaji moja tu, ya juu. Mwenye duka alinionea huruma, hilo nakubali. Lakini ringi haziuzwi moja moja. Huuzwa seti, kumi na mbili, na seti ikifunguliwa haina mnunuzi. Nikamuuliza kama hakuna mtu mwingine aliyewahi kuvunja moja, ambaye alibaki na nyingine. Akasema wapo wengi sana, lakini huwa hawarudi. Nikalipa elfu sita nyingine kwa ajili ya ringi moja. Fundi alimlipia kijana wake nusu ya hasara, kwa maneno. Fedha hadi sasa sijaziona.

Siku ya kuwasha walikuja watu wengi kuliko waliokuja kwenye harusi yangu. Mwenye bodaboda alikuwepo. Mwalimu wa dini alikuwepo. Fundi alikuwa amepanga mianya ya ringi isitazamane, kila moja upande wake, alama zote juu, hedi limekazwa kwa hatua kuanzia katikati. Akapiga stata. Injini ikawaka, na nyuma kukatoka wingu la bluu ambalo lilifunika mti, makontena na msichana wa maandazi. Umati ukasema “Aaah!” kwa furaha isiyofichika. Fundi hakugeuka. Ile ni oili aliyopaka mwenyewe kwenye silinda wakati wa kufunga. Lazima iungue kwanza. Baada ya dakika chache moshi ukakonda, ukakatika. Umati ukatawanyika kwa huzuni.

Ushauri haukukoma. Shemeji alipiga simu kuniambia nitembeze gari polepole kabisa, kilomita elfu moja, nisipite 50 kwa saa. Fundi alikataa katakata. Ringi mpya hukazwa ukutani na moto wenyewe: gesi huingia nyuma ya ringi na kuisukuma nje, kwa hiyo injini inataka mzigo wa wastani, kupanda na kuachia, si kubembelezwa wala kuachwa ikinguruma imesimama. Mlima wake ni barabara ya Iten, inayopanda kidogo kidogo. Nimeipanda alfajiri nyingi sasa, gia ya tatu, ya nne, ya tatu, nikipitwa na vijana wembamba wanaokimbia bila hata kuhema. Baada ya kilomita mia tano oili ilimwagwa, maana hubeba unga wa chuma wa ringi zikijisugua, na ikatiwa nyingine. Hiyo nayo haikuwa kwenye bajeti.

Hesabu nimeifanya. Ringi, ukizihesabu mara moja, ni karibu sehemu ya saba ya gharama yote. Gharama yote ni nusu ya ile injini ya eksi-Japani. Kipimo cha silinda zote nne sasa kinakaribia 150, kidole cha fundi kinathibitisha, na oili haishuki kwenye kijiti. Mwenye bodaboda wa Maili Nne bado ananifuata, sasa ananiambia taa ya breki ya kushoto haiwaki.

Kwa hiyo natangaza. Ringi kumi na moja za 5A, standadi, mpya, zikiwa ndani ya kisanduku chake, ziko kwangu. Mwenye 110 aliyevunja moja asiogope kurudi. Za juu ninazo tatu. Bei tutaelewana. Asiye na fedha napokea mahindi, ila yawe yamekauka hadi asilimia 13.5, nami nitayapima mwenyewe.